Nesi Asiye na Leseni: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kibirizi

Alifaulu. Nalisema mapema ili usisome ukisubiri matokeo, maana ugumu wa kisa hiki haukuwa kwenye matokeo. Ulikuwa kwenye zile wiki za kabla ya mtihani wa leseni ya uuguzi, wakati binti wa miaka 24 mwenye stashahada ya uuguzi na ukunga, ambaye akiwa mafunzoni alikesha wodi ya wazazi bila kutetereka, alipokuwa akikaa mbele ya karatasi ya maswali mikono ikimtetemeka kama mtu aliyepandwa na homa.

Ameniruhusu kuandika. Jina lake silitaji, na mambo madogo madogo nimeyabadili. Nitamwita Kifungua, kwa sababu ni kifunguamimba, na mzigo wake mwingi ulianzia hapo. Mimi ni mkufunzi mstaafu. Nimefundisha uuguzi miaka mingi hapa Kigoma, na kwa muda mrefu nilidhani mwanafunzi anayeogopa mtihani dawa yake ni kusoma zaidi. Kisa hiki kilinisahihisha.

Kwa asiyeujua utaratibu, kumaliza chuo hakumfanyi mtu kuwa muuguzi. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ndilo linalosajili na kutoa leseni, na mhitimu hupita kwenye mtihani wa Baraza kwanza. Sina ugomvi na hilo. Nisingependa kuchomwa sindano na mtu ambaye hakuna aliyempima. Lakini kati ya siku ya kuvua sare ya chuo na siku ya kushika leseni pana kipindi ambacho mtu si mwanafunzi wala si muuguzi, na mtaa haujui kama kipindi hicho kipo. Majirani zake wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, walishaanza kumwita nesi tangu yuko mwaka wa pili.

Alivyokuja

Alikuja Jumapili jioni, eti kuazima kitabu cha famakolojia, somo la dawa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Malaria, mwalimu."

"Umepima?"

Alikuwa amepima mara mbili, na mara zote mbili kipimo hakikuonyesha kitu. Nikampa chai, nikamwacha anyamaze. Kitabu alikishika mapajani bila kukifungua. Mwisho akasema, huku akiangalia sakafu, kwamba mtihani wa leseni alishaufanya, akafeli, na mama yake hajui. Nyumbani alisema matokeo bado hayajatoka.

Mama mtu ni mchuuzi wa dagaa. Ananunua mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi, anaanika, anauza kwa wanaopeleka mizigo mbali. Miaka mitatu ya ada ilitoka kwenye dagaa hao. Na huo ulikuwa mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukimwambia mtu wa Kibirizi kwamba ziwa limefungwa, umemwambia kwamba jiko limefungwa. Pesa ya kulipia mtihani wa pili Kifungua aliikopa kwa shangazi yake wa Ujiji, akidai ni ya "mambo ya cheti". Basi alikuwa na uongo wa aina mbili anaoulinda kila siku, mmoja kwa mama na mmoja kwa shangazi, na kila mmoja ulitaka kumbukumbu yake. Watu wanasahau kwamba kuficha ni kazi ya kichwa, kichwa kilekile kinachotakiwa kukariri dozi.

Hali yake niliiandika usiku huohuo, kama ninavyoandika faili la mgonjwa: usingizi wa saa tatu kwa siku, moyo kwenda mbio, tumbo kuharisha kila akifungua madesa (noti za kurithishana), siku zake zimeruka mwezi mmoja, chakula hakipiti. Shangazi alikuwa na maelezo yake, kwamba kuna mtu amemfunga binti. Mama alisema ni mapenzi.

Kuna swali moja nililiuliza kabla ya mengine yote, na nawasihi wenzangu msilikwepe. Alikuwa ametamka, kama kwa utani, "Natamani nilale tu, niamke yameisha." Nikamuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Wengine wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu hivyo unampandikizia wazo. Si kweli. Kuuliza hakupandikizi. Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akasema hapana, ila amechoka kuliko alivyowahi kuchoka. Kesho yake nilimsindikiza hospitali. Daktari alimsikiliza, akampima damu na ujauzito, akakuta upungufu kidogo wa damu tu, na akampa tarehe ya kurudi kuongea na mhudumu wa afya ya akili. Kama Kifungua angenijibu vingine lile swali, mambo ya mtihani yangewekwa kando siku ileile.

Kosa langu

Nilimtengenezea ratiba. Nilijivunia ile ratiba! Saa kumi alfajiri anaamka, kila saa ina somo lake, nimeipigia mistari kwa rula. Baada ya siku nne alikuja akiwa hoi zaidi. Kila saa aliyoikosa ilimhesabia kosa jipya, na sasa alikuwa na mtu wa tatu wa kumficha ukweli, yaani mimi. Nikaichana mbele yake. Nadhani ndiyo siku ya kwanza aliyocheka.

Baada ya hapo nikaanza upya, na safari hii nikafanya kile tunachowafundisha wanafunzi wodini. Mgonjwa akisema "naumwa mwili mzima", humpi dawa ya mwili mzima. Unamwambia, nionyeshe kwa kidole.

Makosa 27

Nilimpa maswali 60 ya kuchagua kutoka kwenye pasti pepa alizokuwa nazo. Alikosa 27. Kwake hiyo ilimaanisha "sijui kitu". Tukakaa barazani tukayapitia yote, moja baada ya jingine, na kila swali nikamuuliza kitu kimoja tu: hapa ilikuwaje?

Maswali 9 hakuyajua kweli. Maswali 11 aliyajua, lakini alisoma swali vibaya. Na 7 alikuwa amechagua jibu sahihi, akalifuta dakika za mwisho, akaweka lisilo sahihi.

Tulikaa kimya kidogo. Makosa 18 kati ya 27 hayakutokana na kutojua, na binti huyu alikuwa anakesha akijaza kitu ambacho hakikupungua. Alikuwa na kaunta buku kumi na moja za noti, nyingine amezinakili mara tatu kwa kalamu za rangi. Famakolojia "ameimaliza" mara nne. Hiyo ndiyo kupiga msuli wanayoijua. Lakini kusoma ukurasa uleule mara ya nne kunakupa hisia ya kuujua, kwa sababu macho yanautambua. Mtihani hauulizi kama unautambua ukurasa. Unataka ulitoe jambo kichwani, kitabu kikiwa kimefungwa. Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliyapima haya mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini wiki moja baadaye waliokuwa wamejijaribu bila kutazama maandishi waliwaacha mbali. Kifungua alikuwa anasoma kwa ajili ya dakika tano.

Yale 11 ndiyo yaliyonigusa. Mafunzo yetu na karatasi zetu ni kwa Kiingereza, ilhali wodini tunaongea Kiswahili, na wakati mwingine Kiha na bibi aliyetoka kijijini. Nikamuuliza, kwa Kiswahili: mama amejifungua dakika ishirini zilizopita, umemgeukia unakuta shuka limelowa damu. Unafanya nini? Hakusita. "Naita msaada, nasugua mji wa mimba ukaze, naangalia kibofu kama kimejaa, naangalia kama kondo limetoka lote, naweka laini, oksitosini." Mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kuchunguza michaniko, vyote alivitaja. Nikamwonyesha swali hilohilo kwenye karatasi. Akaanza kunisomea maana ya neno: kutokwa damu kuanzia mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Maana ni sahihi. Swali lilikuwa linauliza utaanza na lipi.

Yaani alipoona Kiingereza, aliacha kuwa mkunga akawa mwanafunzi wa kukariri. Maneno matatu ndiyo yaliyokuwa yanamwangusha karibu kila mara: lile la kumaanisha "cha kwanza", lile la "kinachofaa zaidi", na lile la "isipokuwa". Hili la mwisho alilikosa mara tano katika karatasi moja! Anaona majibu matatu ya kweli, anachagua la kwanza, anaendelea, kumbe ameombwa lile lisilo la kweli. Tukakubaliana sheria. Kabla ya kutazama majibu, alipigie mstari neno hilo, aligeuze swali liwe Kiswahili cha wodini kimoyomoyo, ajibu mwenyewe, ndipo atafute jibu lake kwenye orodha. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba inamchelewesha. Wiki ya pili aliacha kulalamika.

Kuhusu yale 7 ya kufuta, inabidi niseme kwa uangalifu. Wanafunzi wanaambiana usibadili jibu la kwanza, kana kwamba ni amri. Utafiti unaonyesha kinyume: kwa ujumla wanaobadili hupata zaidi kuliko wanavyopoteza. Lakini Kifungua alikuwa habadili kwa kuwa ameona kosa. Alibadili katika dakika kumi za mwisho, moyo ukimwenda mbio, kwa sababu jibu "limekuwa rahisi mno". Kwa hiyo sikumkataza kubadili. Nilimtaka aniambie sababu kwa sauti. Asiye na sababu haruhusiwi kugusa kifutio.

Hesabu za dripu zinastahili aya yake. Lita moja ya maji, saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Alizidisha 1000 kwa 20, akagawa kwa 8, akapata 2,500. Halafu akaona hakuna jibu la namna hiyo kwenye orodha, na hapo jasho likaanza. Nikamwambia, mwanangu, matone 2,500 kwa dakika hiyo si dripu tena, hilo ni bomba limepasuka. Alisahau kugeuza saa kuwa dakika. Saa nane ni dakika 480, jibu ni matone 42 hivi. Lakini kilichomsaidia zaidi ya fomula ni kusimama kwenye dripu kichwani mwake: 42 kwa dakika ni tone moja kwa kila sekunde moja na nusu, kadiri. Huo mwendo anaujua, ameuona mara mamia. Akipata jibu lisilofanana na kitu kinachodondoka wodini, anajua arudi nyuma, na anarudi bila kutetemeka.

Sasa yale 9 ambayo kweli hakuyajua. Machache yalikuwa uzembe wa kawaida. Lakini baadhi yalitokana na madesa yenyewe kugombana. Moja lilisema hatua hai ya uchungu inaanza njia ikifunguka sentimita 4, jingine sentimita 5. Alikuwa amelia kwa ajili ya sentimita hiyo moja. Hakuna aliyemwambia kwamba madesa yote mawili yalikuwa sahihi kwa wakati wake: patografu ya zamani ya Shirika la Afya Duniani, yaani chati ya kufuatilia uchungu, ilianzia 4, mapendekezo ya 2018 yakasema 5, na mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu uliotolewa 2020 ukafuata hiyo 5. Noti zinarithiwa kutoka darasa hadi darasa, kivuli cha kivuli, bila tarehe. Tulichukua kalamu tukaandika mwaka juu ya kila desa. Lililokosa mwaka lilikwenda kuwashia mkaa.

Usiku

Alikuwa anakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu saa nne usiku ili akeshe. Nusu ya kafeini inabaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo saa tisa usiku alikuwa bado na nusu ya kopo kwenye damu, amelala kitandani macho kodo, akidhani ni mtihani unaomkosesha usingizi. Moyo kwenda mbio na tumbo kuvuruga vilikuwa na baba wawili, hofu na kopo. Kopo lilikuwa rahisi kuliondoa, tukaanza nalo. Nilimwomba alale kuanzia saa nne na asome asubuhi, na nilimweleza kama muuguzi mwenzangu: ni usingizini ndipo ubongo unapoyapanga uliyojifunza mchana. Ukikesha, unapokea mizigo bandarini huku umewafukuza makuli.

Alikataa kwa wiki nzima. Kwa mtoto wa mchuuzi, kulala wakati mama yupo macho ni kama wizi.

Mama

Hapo nikajua kwamba bila mama hatuendi popote. Nilitamani kwenda kumwambia mimi. Sikwenda, siri haikuwa yangu. Tulifanya mazoezi ya sentensi moja tu, na aliisema jikoni, wakichambua maharage: "Mama, matokeo yalishatoka. Nilifeli. Nimeshalipia kurudia."

Mama aliendelea kuchambua maharage. Kisha akauliza, "Hicho cha kurudia kinafanyika lini?" Basi. Binti alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matusi, kwa "nimeuza dagaa bure". Hakujiandaa kwa kuulizwa tarehe. Baadaye mama mtu aliniambia kwamba alishahisi tangu zamani, ila aliogopa kuuliza asije akamvunja. Wawili hao walikuwa wanalindana kwa miezi, chini ya paa moja, kila mmoja akinyanyua mzigo wa mwenzake kwa siri.

Usiku ule Kifungua alilala saa saba mfululizo. Sitadai ni kwa sababu ya maharage, lakini ilikuwa usiku ule.

Jina la nesi

Lilibaki jambo moja ambalo halikuwamo kwenye karatasi yoyote. Jirani alikuja na mtoto mwenye homa, mkononi ana kichupa cha dawa na bomba la sindano vilivyonunuliwa dukani. "Nesi, mchome mara moja tu, zahanati foleni."

Zamani alikuwa anatafuta visingizio: natoka, naumwa, sina glovu. Kila kisingizio kilimwacha na aibu, kwa sababu alijiona kama mwizi wa jina. Akikubali anavunja sheria na anaweza kumdhuru mtoto, akikataa anafichua kwamba hajawa nesi. Ombi dogo la jirani lilikuwa ni mtihani kabla ya mtihani, tena wa kila wiki. Nilimuuliza nini kingetokea akisema ukweli wenyewe. Alifikiri sana.

Siku ile alimwambia jirani, "Mama Fulani, mimi leseni sijapata bado, siruhusiwi kuchoma. Ila mtoto huyu anahitaji kupimwa kwanza, twende wote." Wakaenda zahanati. Alikaa nao kwenye foleni, akahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, akamwambia mhudumu wa mapokezi kwamba mtoto anapumua haraka na hanyonyi vizuri, wakapitishwa mbele. Dalili za hatari kwa mtoto alikuwa amezikariri mara tatu kwa kalamu ya kijani. Anasema pale kwenye benchi ndipo zilipomwingia.

Jirani hakushangaa hata kidogo kwamba hana leseni. Aliuliza tu, "Kwani inachukua muda gani?"

Kilichobaki

Wiki za mwisho hazikuwa na maajabu. Maswali 20 kila asubuhi kitabu kimefungwa, makosa yanagawanywa katika yale mafungu matatu, jioni anamsaidia mama kushona nyavu za kuanikia. Fungu la kusoma swali vibaya lilipungua hadi mawili, matatu kwa karatasi. Mikono iliendelea kutetemeka mwanzoni mwa kila zoezi. Hilo halikuisha, na sikumwahidi kwamba litaisha. Alijifunza kuvuta pumzi na kuitoa taratibu kuliko alivyoivuta, mara nne tano, kisha kuanza na swali lolote analolijua hata kama ni la hamsini. Kliniki alirudi mara mbili, na mara ya tatu wakamwambia asirudi mpaka ahitaji.

Kama ningepewa kisa hiki tena, ningeanza na mama na kopo, si na ratiba. Ningemuuliza pia kuhusu deni mapema, kwa sababu pesa ya shangazi ilimsumbua kuliko alivyonionyesha. Anailipa bado kidogo kidogo, kwa posho ya kujitolea anayopata sasa akisubiri ajira.

Na shangazi mwenyewe? Siku moja kabla ya mtihani alifika kutoka Ujiji na dawa ya kuoga iliyofungwa kwenye gazeti. Kifungua alinipigia simu anaulizia afanyeje. Nikamuuliza ni ya kunywa? Akasema hapana, ya kuoga tu, ina harufu ya mchaichai. Nikamwambia oga, mwanangu, ukalale. Mpaka leo shangazi anasimulia sokoni Mwanga jinsi alivyomfungua binti wa kaka yake. Kifungua hajambishia.